Kununua kitambaa cha poliesta: chomoa uzi kwanza

Lebo ikisema "poliesta asilimia 100" bado haijakuambia kitambaa kitakaaje mwilini. Tofauti kubwa imo katika namna uzi ulivyotendewa kiwandani kabla ya kufumwa. Omba kipande, chomoa uzi mmoja ukingoni, uutazame.

Ukijikunjakunja, ukauvuta ukarefuka na ukauachia ukarudi, basi ulisokotwa, ukapashwa moto, kisha ukafumuliwa, na mikunjo ikabaki. Kwa sare, suruali na sketi za kila siku naupa nafasi ya kwanza bila kusita. Mikunjo huziba mianya ya ufumaji, kwa hiyo nguo haionyeshi mwili. Magoti na viwiko vikikunjwa, kitambaa kinafuata. Na jasho? Poliesta hunyonya maji kidogo mno, takriban asilimia 0.4 ya uzito wake katika hewa ya kawaida, kwa hiyo jasho hupita kati ya nyuzi, si ndani yake, na vijia vidogo vingi vya uzi wa mikunjo husaidia kulisambaza. Ubaya wake ni kunasa kwenye kucha na zipu. Pasi kali nayo hulaza mikunjo, na hairudi.

Nafasi ya pili naupa uzi uliopulizwa hewa ya kasi mpaka ukatoa vitanzi vidogo. Hauvutiki wala haung'ai, na ukiushika unafanana na pamba. Kwa mabegi, makoti na makochi ningeuchagua mbele ya ule wa kwanza.

Uzi ukikatika vipande vifupi unapoufumua, huo umesokotwa kwa nyuzinyuzi fupi. Ni laini, lakini kwapani na mapajani huota vinundu. Vya pamba hukatika vikaanguka; vya poliesta vinang'ang'ania kwa sababu nyuzinyuzi zake ni imara. Wa tatu.

Uzi ulionyooka na kung'aa nauweka mwisho kwa nguo ya kubana, ingawa kwa bitana hakuna unaoushinda, maana mkono hupita kwenye koti bila kukwama. Tatizo ni mshono: nyuzi laini huteleza zikaachana. Kabla ya kulipa, bana kitambaa kwa vidole gumba viwili, usukume nyuzi kushoto na kulia. Zikifungua mwanya usiojifunga, kiache, hata kama rangi imekuvutia.