LalBrew Voss: hamira isiyoogopa joto la Dar

Februari hii stoo yangu hapa Tabata ilikuwa nyuzi 32 hata usiku, na ndani ya ndoo bia ikachacha kwenye 36. Kwa hamira nyingi za bia, hapo ungejiandaa kumwaga.

US-05, ambayo wengi wanaotengeneza bia nyumbani huanza nayo, inataka nyuzi 18 hadi 26. Ukiizidishia joto sana unapata kinywaji chenye ukali wa spiriti na kichwa kinachogonga asubuhi. Ndiyo maana huku tumezoea kukalisha ndoo ndani ya beseni la maji, kutumbukiza chupa za barafu, kuzibadilisha asubuhi na jioni, na kuomba umeme usikatike. Voss imenitoa kwenye utumwa huo.

Ni hamira kavu ya kampuni ya Lallemand, pakiti ya gramu 11. Asili yake ni Voss, magharibi mwa Norwei, ambako wakulima walirithishana hamira zao, wakizikausha na kuzitumia tena msimu baada ya msimu. Hii ilitoka kwa Sigmund Gjernes, aliyeitunza kwa njia hiyo ya jadi. Joto inalolipenda zaidi ni 35 hadi 40. Cha kuchekesha, pakiti yenyewe kabla ya kufunguliwa inataka friji.

Nilichemsha kilo 3 za kimea cha shayiri cha unga kwa lita 20, na hopsi (maua machungu ya bia) za aina ya Cascade: gramu 30 kwa saa nzima, nyingine 30 mwishoni. Haidromita, kipimo cha sukari iliyomo, ikasoma 1.055. Faida ya kwanza niliiona kwenye kupoza. Maji ya bomba ya Dar yenyewe ni ya uvuguvugu; kushusha togwa la shayiri hadi 20 ni kununua barafu mifuko kwa mifuko. Hapa nilifika 35, nikanyunyiza hamira, nikafunika.

Hiyo ilikuwa saa mbili usiku. Saa saba nikasikia kitu kinakoroma stoo. Povu limejaa hadi kwenye kifuniko, kifuniko kimetuna, na ule mpira wa kutolea gesi niliouchovya kwenye chupa ya maji unabubujika bila kupumua. Ukitumia ndoo ya lita 25 kwa bia ya lita 20, weka mpira mpana kama huo. Kile kizibo kidogo cha maji kitazibwa na hopsi, halafu utadeki hadi ukutani.

Siku ya tatu ilisoma 1.012, yaani kileo kama asilimia 5.6, na ikabaki hapo hapo. Mashapo yalikuwa yameshikana chini kabisa. Nilijaza chupa bila kichungi na bia ikatoka ang'avu.

Ladha? Ganda la chungwa. Juu ya Cascade linakaa vizuri sana, ila lipo, na shemeji yangu hadi leo anashikilia kwamba nimetia juisi. Kuna pia kauchachu kwa mbali ambako mimi nakapenda.

Hamira hii ni mlaji. Togwa likiwa jepesi, tuseme chini ya 1.045, huweza kulegea kabla ya kumaliza kazi. Mimi huchemsha kijiko cha chai cha hamira ya mkate pamoja na togwa dakika 10 za mwisho. Ile ikifa inakuwa chakula cha hii. Mama yangu kule Kilema angecheka, maana mbege yake haijawahi kudai kijiko wala kipimajoto.

Bei inaizidi kidogo US-05, lakini pakiti moja inatosha lita 20, na mashapo yake unaweza kuyatumia tena. Naipa nne kwa tano. Anayetaka lager kavu isiyo na harufu ya tunda asiinunue. Na wa Arusha, mwezi Juni iacheni: chini ya 25 inajikokota, wakati US-05 huko itafanya kazi bila beseni wala barafu.