Jiko la moshi: la feni au la karai la maji?

Anayetaka kubanika kidari cha ng'ombe kwa moshi, kama wafanyavyo watu wa Texas, huhitaji joto la nyuzi 107 hadi 121 za Selsiasi lisilotetereka kwa saa 10 au zaidi, na hapo ndipo majiko ya Masterbuilt Gravity Series na Weber Smokey Mountain yanapoachana. Katika Masterbuilt, mkaa hujazwa kwenye mnara ulio pembeni na kuwashwa chini tu. Unaoteketea ukigeuka majivu, ulio juu hushuka kwa uzito wake wenyewe, huku feni ya umeme ikipuliza au kutulia kulingana na joto lililochaguliwa. Weber haihitaji umeme: mkaa hukaa chini, karai la maji katikati, nyama juu, na hewa hupimwa kwa matundu yanayofunguliwa kwa mkono.

Kwa anayependa usingizi wake, Masterbuilt inashinda, tena hupanda hadi nyuzi 371, joto la kuchomea steki. Lakini umeme ukikatika feni husimama na moto hufifia. Vilevile, mfuniko wa mnara usipobana, hewa hupenya na mkaa wa juu huwaka kabla ya zamu yake.

Mimi, penye umeme wa kubahatisha, ningechukua Weber, nikamwaga mkaa uliokwisha kuwaka juu ya ule mbichi ili moto ushuke polepole, na matundu ningeyagusa kidogo kidogo, kwani joto likishapanda kupita kiasi hukawia mno kurudi.