Misheni ya visiwani au ya nje ya nchi, usharika uchague ipi?

Kila bajeti ya usharika ikisomwa swali hili linarudi, hela ya misheni iende kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kwetu hapa au Msumbiji na Malawi.

Kwa gharama visiwani inashinda kabisa. Unapanda meli Mwanza mpaka Nansio kisiwani Ukerewe, halafu gari hadi Bugolora, kivuko, umefika, wala hakuna paspoti. Mnada wa baada ya ibada tu, kuku wawili na mkungu wa ndizi vikigombaniwa vizuri, unaweza kumtolea mwinjilisti nauli. Nje ni mchango wa miezi.

Ila kazi kubwa ni kuitunza hiyo misheni ya visiwani jamani. Mimi nimekaa kwenye ibada ya kambi ya wavuvi chini ya mwembe, mabenchi ni mbao za mtumbwi wa zamani, watu wamejaa, tukarudi baada ya muda nusu wamehamia kambi nyingine kufuata dagaa. Iliniuma sana. Kule nje watu wa kijijini wapo palepale shambani, usharika unakomaa, shida ni lugha, Kireno au Kichewa, na ukiondoka kufuatilia ni simu tu.

Kwa hiyo usharika mdogo wenye vijana wasioogopa ziwa anzeni visiwani. Mkiwa na mfuko uliotulia na mtu wa kukaa huko miaka, siyo wiki mbili za kupiga picha, nendeni nje kupitia dayosisi, msiende peke yenu.