Polisi kata au ulinzi shirikishi: madiwani waweke nguvu wapi?

Diwani wa Dar es Salaam hana mamlaka ya kumwamrisha askari polisi. Jeshi la Polisi ni la taifa, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na Dar ni Kanda Maalum ya jeshi hilo. Baraza likitaka mageuzi, mambo linayoyaweza hasa ni mawili: kumsaidia polisi kata, yaani askari aliyepangiwa kata moja, au kuimarisha ulinzi shirikishi, yaani wakazi kulinda mitaa yao wenyewe.

Polisi kata ana mafunzo, na akikosea ana wakubwa wake wa kupelekewa malalamiko. Shida ni kwamba mitaa ni mingi na yeye ni mmoja. Akienda mahakamani kutoa ushahidi, kata nzima inamsubiri. Kumpatia chumba kwenye ofisi ya kata si kazi kubwa.

Ulinzi shirikishi ndio wenye mambo. Vijana wenye filimbi, tochi na rungu wanavijua vichochoro vya Manzese kuliko gari lolote la doria. Lakini mchango wa ulinzi unakusanywa mlango kwa mlango, mara nyingine bila stakabadhi, na mtuhumiwa anaweza kula kipigo kabla ya kufika kituoni, ilhali sheria inamtaka raia aliyemkamata mtu amkabidhi polisi bila kuchelewa. Na asiyechangia, je, akipiga yowe usiku ataitikiwa?

Bado ningechagua ulinzi shirikishi, kwa masharti: majina ya walinzi yabandikwe ofisi ya mtaa, mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano wa wakazi, na kila zamu iripoti kwa polisi kata.