TAHADHARI: Jamaa wa "slaidi za kongamano siku 3", kanipiga na deta zangu kaondoka nazo

Wakuu habarini. Naandika hii hasira bado hazijaisha kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, anasema anatengeneza slaidi za kongamano, anakuandikia na maneno ya kusema na anakuandaa kujibu maswali, siku 3 tu kazi imekwisha. Jina sitaji maana analibadilisha kama shati, ila mbinu zake ni zilezile na ndizo nataka mzijue.

Ikisiri yangu, yaani ule muhtasari wa utafiti unaotuma kuomba nafasi kwenye kongamano, ilikuwa imekubaliwa, nimepewa dakika 12 za kuwasilisha na 3 za maswali. Utafiti wenyewe mdogo tu, wanafunzi 212 na jinsi wanavyotumia simu kujisomea. Nina ripoti ya kurasa tisini na kitu, sijui naikata wapi, halafu mimi kusimama mbele ya watu tumbo linavuruga toka shule ya msingi. Jamaa akanitumia sampo, slaidi zinang'aa, grafu zinaingia moja moja kwa madoido, nikasema huyu ndiye mtu wangu. Nusu ya hela mwanzo, nusu akimaliza. Akasema nimtumie kila kitu, ripoti na faili zima la deta, "ili grafu zitoke vizuri". Nikatuma. Hapo ndipo nilipokosea kuliko kote na nitarudi hapo.

Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu akasema "nipo hatua za mwisho boss". Siku ya tano, kesho yake ndiyo napanda jukwaani, akanitumia slaidi kama picha tu, zimeandikwa SAMPO kwa mshazari katikati huwezi hata kusoma vizuri. Namwambia nimeshamaliza kukulipa, nipe faili. Akajibu hiyo hela ilikuwa ya kutengeneza, kuna hela ya kufungua faili. Yaani kufungua faili! Saa tatu usiku hiyo, kesho saa nne asubuhi nipo kwenye ratiba, ukibishana naye unabishana na saa. Anajua hilo ndio maana anasubiri mpaka usiku wa mwisho. Nikalipa.

Faili likaja saa tano usiku. Slaidi 41. Kwa dakika 12! Mtu yeyote aliyewahi kupresenti anajua slaidi moja inataka kama dakika moja hivi, 10 mpaka 12 zilikuwa zinatosha kabisa. Kumbe alichofanya ni kukata aya za ripoti yangu na kuzibandika zilivyo, herufi ndogo kama za karatasi ya dawa, mandhari ya bluu na maandishi meusi juu yake, kwenye projekta ya ukumbi wenye mwanga hakuna atakayeona kitu. Nikakaa mpaka saa tisa usiku nafuta nafuta, nikafikisha 19, usingizi ukanizidi. Grafu sikuzigusa, nilijua angalau hizo kazitengeneza sawa.

Asubuhi nikapanda. Sikuwa nimefanya mazoezi hata mara moja kwa sauti, na hilo ni kosa langu silisukumi kwa mtu. Sasa kwenye laptopu yangu kuna yale maelezo ya msemaji chini ya slaidi, ambayo watu ukumbini hawayaoni, wewe ndiye unasoma. Nimefika slaidi ya mbinu za utafiti, nimebabaika, nikainamisha macho nisome alichoniandikia nikasoma kwa sauti kabisa, "katika wagonjwa hawa 84 wa kisukari..." Nikanyamaza. Ukumbi ukanyamaza. Wagonjwa gani tena? Yalikuwa maelezo ya mteja mwingine! Jamaa anachukua templeti ya mtu anabadilisha vichwa vya habari tu huku chini anasahau kufuta. Kwa hiyo sasa hivi najua utafiti wa mtu nisiyemjua, na kuna mtu mahali fulani ana wa kwangu.

Nikajikusanya nikaendelea, mwenyekiti wa kikao akanyanyua kikaratasi cha dakika 2 mimi nipo slaidi ya 11. Matokeo nikayapitia mbio. Kwenye maswali mzee mmoja mstari wa pili akanyoosha mkono, mpole kweli, akasema "mwanangu rudisha ile grafu. Mwaka wa kwanza ni asilimia 52, mwaka wa tatu ni asilimia 38, mbona nguzo ya 38 ndiyo ndefu?"

Nikaangalia. Kweli ndefu. Nimeishi na zile namba mwaka mzima na sikuiona.

Nilivyorudi chumbani nikabofya ile grafu nione deta yake, hakuna deta. Sio grafu. Ni maboksi manne amechora kwa mkono akayapaka rangi, urefu amekadiria kwa macho, namba akaandika juu yake. Ndio maana hakutaka kutoa faili mapema, ungebofya tu ungejua. Na mkononi nilikuwa na deta halali kabisa, ila pale mbele nilionekana kama mtu aliyepika matokeo.

Sasa turudi kwenye lile faili. Lilikuwa na safu ya namba za simu za wanafunzi wote 212, nilizichukua kwa ajili ya kuwafuatilia awamu ya pili. Kwenye fomu ya ridhaa niliwaandikia kabisa kwamba taarifa zao hazitatoka nje ya timu ya utafiti, wakasaini. Mimi nikazituma kwa mtu nisiyemjua hata sura ili anichoree maboksi. Nimeenda kumwambia supavaiza mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine, na kamati ya maadili imeandikiwa barua, nasubiri. Hela imeniuma ila hili ndilo linaninyima usingizi. Mtu wa slaidi hahitaji deta ghafi hata kidogo! Jedwali la muhtasari linamtosha, asilimia na idadi basi, tena grafu chora mwenyewe kwenye programu yako ya takwimu yeye apange muonekano tu.

Nilivyomdai hela yangu hakunibloki mara moja, akanibadilishia mchongo. Akasema nisijali, ana "nafasi za uhakika" kwenye kongamano la kimataifa nje, ikisiri inakubaliwa ndani ya siku moja, nilipie tu ada ya usajili kupitia kwake na cheti kinakuja hata usipoenda. Wakuu hapo ndio mkimbie kabisa. Makongamano ya hivyo yapo mengi na hayakuanza leo. Mwaka 2016 profesa mmoja wa New Zealand, Christoph Bartneck, alialikwa kwenye kongamano la fizikia ya nyuklia wakati fani yake ni kompyuta, akaandika ikisiri kwa kubonyeza tu maneno ambayo simu yake ilikuwa inampendekezea, upupu mtupu hauna maana, ukakubaliwa ndani ya saa 3 na akaambiwa alipie dola 1,099. Na mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru OMICS, kampuni ya India ya majarida na makongamano, ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kudanganya watafiti, na moja ya malalamiko ilikuwa kutangaza majina ya wasomi kwamba watakuwepo wakati wenyewe hawakukubali. Kwa hiyo ukiona kwenye tangazo kuna maprofesa wakubwa mwandikie mmoja wao umuulize, wengi wanajibu. Na kongamano moja likiwa na udaktari, uhandisi, kilimo na dini kwa siku mbili, jiulize hao wahakiki wa kuzipima ikisiri zote hizo wanatoka wapi.

Nilivyomuuliza jina la chuo kinachoandaa ndio akanibloki.

Kuna watu wanafanya kazi ya slaidi kwa uaminifu na siwaharibii, nimeshaona kazi zao. Ila mwambie akutengenezee slaidi 2 kwanza, akupe faili lenyewe sio picha, ubofye grafu uone kama namba zinatokea, na ukague yale maelezo ya chini kama hayana wagonjwa wa mtu. Akikataa hilo shika njia yako. Na hata akiwa mzuri hela ya mwisho itoke umeshajaribu kusimama na hizo slaidi ukijipima kwa saa, hata mbele ya kioo.

Wiki iliyopita rafiki yangu kanitumia tangazo jipya kwenye grupu lingine, jina jipya, picha ya wasifu mpya, "wasilisho la kimataifa siku 3". Sampo alizoweka ni slaidi zangu. Kafuta kichwa cha habari na jina langu, ila grafu hajaigusa. Kwa hiyo mkiona mtu anajitangaza na grafu ya nguzo nne kwenye mandhari ya bluu, angalieni ya tatu toka kushoto. Imeandikwa 38 na imeipita ya 52. Ndiye huyo.