Great Vibes kwenye kadi za harusi: uzoefu wangu

Natengeneza kadi za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam, na fonti ambayo wateja wangu huichagua kuliko zote ni Great Vibes. Wengi hata jina lake hawalijui. Wanasema tu, "Nataka ule mwandiko wa kuunga, uliolala." Ni kazi ya Mmarekani Robert Leuschke. Inapatikana bure Google Fonts, maktaba ya fonti ya mtandaoni, na leseni yake inaruhusu kuitumia hata kwenye kazi za kulipwa.

Uzuri wake umekaa kwenye herufi kubwa. Andika Zuhura, halafu Hamisi mstari wa chini, uyaache majina yapumue. Herufi ya kwanza inajizungusha kwa madaha, wino unanenepa pale kalamu inaposhuka na kuwa uzi inapopanda, kisha herufi ndogo zinafuata zimeshikana mikono. Nimeshaona bibi harusi mtarajiwa akilipitisha kidole jina lake kwenye karatasi, polepole, kama analiandika yeye.

Ila hii ni fonti ya majina, na nilichelewa kulielewa hilo. Zamani niliandikia mwaliko mzima, kuanzia "Kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu" hadi mwisho. Kiswahili chetu kina m, w, n na u nyingi mno; zikilala na kuungana zinakuwa mawimbi matupu. Mama mmoja wa kamati aliisogeza kadi mbali, akaisogeza karibu, mwishowe akaniuliza, "Mwanangu, ukumbi wenyewe uko wapi?" Na usithubutu kuiandikia S.L.P.; herufi kubwa tatu zikifuatana, mikia inagongana na hakuna kinachosomeka. Siku hizi majina tu ndiyo napa Great Vibes, na sishuki chini ya pointi 30. Tarehe, ukumbi na namba za simu naweka Lato, fonti ya kawaida isiyounganisha herufi.

Usitanue nafasi kati ya herufi, maana maungio yanakatika na urembo wote unakufa. Ukikata stika kwa mashine, ziunganishe herufi kwanza ziwe umbo moja, la sivyo kisu kinapita kila zinapopandana. Haina umbo nene, kwa hiyo nyuzi zake hufifia picha ya kadi ikibanwa na WhatsApp. Mimi natuma PDF.

Lililoniuma zaidi lilitokea kwenye uchapaji. Nilipeleka faili stationari moja, kompyuta yao haikuwa na fonti hii, ikabandika nyingine ya kawaida, na kadi 150 zikatoka hivyohivyo. Bwana harusi alizitazama akanyamaza. Nilizirudia zote kwa pesa yangu, usiku uleule. Sasa nageuza majina kuwa mchoro usiotegemea fonti kabla faili haijatoka mezani kwangu, halafu nasubiri dukani mpaka kadi ya kwanza itoke.