Kuhesabu wenye pumu: dodoso au kipimo cha kupuliza?

Dodoso huuliza kama kifua kimetoa mlio wa filimbi katika miezi 12 iliyopita. Ni njia nafuu inayofikia maelfu ya watu, ingawa aliyeugua mkamba (uvimbe wa njia za hewa za mapafu) naye huweza kujibu ndiyo. Katika kipimo, mtu hupuliza kwa nguvu kwenye mashine, huvuta dawa ya kupanua njia za hewa, kisha hupuliza tena baada ya takriban dakika 15, na hewa ya sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa angalau asilimia 12 na mililita 200, pumu hushukiwa zaidi. Tatizo ni kwamba pumu huja na kuondoka, hivyo anayepimwa siku njema huonekana mzima. Kwa taifa zima ningechagua dodoso, kipimo kikihakiki sampuli ndogo.